Meza ya kuzunguka ndani ya kempa: mkono wa kubana, bawaba ya bomba, mguu wa sakafuni au reli?

Anayetaka meza ya kuzunguka ndani ya kempa, yaani gari lililotengenezwa kulaliwa na kuishiwa safarini, kwa kawaida huanza na meza yenyewe: ipi inapendeza, ipi inageuka pande zote, ipi ikikunjwa haichukui nafasi. Sisi tunashauri uanze na kitu kitakachoibeba. Je, utaifunga kwenye ubavu wa kabati, sanduku la kiti, sakafu, au mbavu za chuma za bodi? Meza ikiyumba au ikang'oka, mara nyingi ukiukagua mkono wake utaukuta mzima. Kilichoshindwa ni ubao mwembamba ulioko nyuma ya bolti. Ndiyo maana meza ileile hutulia ndani ya gari moja na kutikisika ndani ya jingine.

Meza ya kuzunguka hapa ni ile unayoisukuma kando ili upite, kisha unairudisha mbele ya kiti bila kuinyanyua na bila kushika spana. Njia za kuipata ni nne.

Ya kwanza ni mkono wa kubana, ambao wengi wanaujua kwa jina la Lagun. Bomba la wima linapita ndani ya kibanio kilichofungwa ubavuni mwa kabati. Juu bomba linapinda na kuwa la ulalo, na mwisho wake kuna bamba linaloshika meza. Una maungio mawili: bomba huzunguka ndani ya kibanio, na meza huzunguka juu ya bamba. Kila ungio hukazwa kwa wenzo wa mkono.

Ya pili ni bawaba ya bomba, kazi ya fundi wa kuchomelea. Bomba dogo linasimama ndani ya mabomba mawili mafupi yaliyo makubwa kidogo, moja juu na jingine chini, na mkono wa bomba la mraba umechomelewa kwenye lile dogo. Ungio ni moja, na urefu haubadiliki.

Ya tatu ni mguu wa sakafuni: nguzo moja ya alumini inayochomekwa kwenye kitako cha sakafuni na kitako kingine chini ya meza. Ya nne ni reli. Ukingo mmoja wa meza unaning'inia kwenye reli ya kabati, na upande wa pili una mguu wa kukunja. Kusema kweli meza ya reli haizunguki, huteleza. Tumeiweka humu kwa sababu wapo wengi wanaotafuta meza ya kuzunguka ilhali reli ingewafaa zaidi.

Mzigo unaoishia kwenye bolti

Sahani na vikombe si mzigo wa kuogopa. Mzigo wa kuogopa ni mtu anayeinuka kitini huku ameegemea ukingo wa meza kwa mkono mmoja. Tuchukue kilo 30, na ukingo huo uwe sentimita 70 kutoka ukutani. Kilo 30 kwa sentimita 70 ni 2,100. Namba hiyo ukiigawa kwa umbali uliopo kati ya bolti za juu na za chini, unapata nguvu inayojaribu kuzing'oa bolti za juu.

Mikono mingi ya kubana ina sahani fupi ya chuma ya kufungia kabatini. Sahani ambayo safu zake mbili za bolti zimeachana kwa sentimita 10 inavutwa kwa kilo 210 hivi upande wa juu, na upande wa chini unagandamizwa kwa kiasi hichohicho. Bawaba ya bomba ambayo vishikizo vyake vimeachana kwa sentimita 40 inavutwa kwa kilo 52 na nusu tu, ingawa meza ni ileile na mtu ni yuleyule. Hapa bawaba ya fundi inaupita mkono wa dukani, hata ikiwa imetengenezwa kwa chuma cha kawaida kabisa.

Mguu wa sakafuni uko katikati. Nguzo ikisimama chini ya kitovu cha meza ya sentimita 70, mtu anaegemea sentimita 35 kutoka kwenye nguzo. Kitako ambacho bolti zake zimeachana kwa sentimita 12 kinavutwa kwa takriban kilo 88. Namba hiyo si mbaya, ila inategemea sakafu yako imeundwa vipi, na tutairudia. Reli ndiyo yenye raha kuliko zote: uzito ulio upande wa nje unateremka moja kwa moja kwenye mguu hadi sakafuni, na reli haibebi chochote cha maana.

Sasa jiulize kilo 210 zinaingia wapi. Kwenye plaiwudi ya milimita 12, skrubu za mbao zitashika kwa muda, kisha matundu yake yatapanuka kidogo kidogo kwa mtikisiko wa barabara mpaka yasishike tena. Kwenye chipubodi hali ni mbaya zaidi, kwa sababu chembe zake zikishaachana hazirudi, na unyevu wa ndani ya gari huivimbisha. Hata pale ambapo hakuna kinachong'oka, ubao utapinda. Ubavu wa kabati ukipinda kwa nyuzi 1 tu, ncha ya meza ya sentimita 70 inashuka kwa milimita 12. Ndiyo ile meza inayomwaga chai kila mtu anapohema, na hakuna mkono wa bei yoyote utakaoiponya.

Njia ambayo meza inapita

Kosa la pili kwa ukubwa ni kupima meza ikiwa imetulia bila kupima inapopita. Meza ya sentimita 80 kwa 45 ikizungukia kwenye kona yake, kona ya mbali inachora duara lenye nusu kipenyo cha karibu sentimita 92. Ndani ya gari ambalo upana wa katikati haufiki mita 2, duara hilo litagonga kiti, mpini wa mlango au friji. Ukilihamisha egemeo, yaani mahali meza inapozungukia, hadi sentimita 15 kutoka ukingo mfupi, katikati ya upana, kona ya mbali inabaki ndani ya sentimita 69. Hujapunguza hata kipande cha ubao, lakini umepata sentimita 23 za kupita.

Mkono wa kubana unashinda hapa bila ushindani. Kwa kuwa una maungio mawili, unaweza kuisukuma meza kwa mkato, ukaigeuza huku inasogea, ikapita palipo finyu na kutua mbele ya kiti cha dereva kilichogeuzwa nyuma. Bawaba ya bomba ina duara moja tu, na duara hilo ama linapita ama halipiti. Mguu wa sakafuni unazunguka papo hapo, isipokuwa ukiuhamisha kutoka kitovuni: kitako cha chini ya meza kikiwekwa sentimita 15 kando ya kitovu, kuigeuza meza nusu duara kunausogeza uso wake kwa sentimita 30. Ni ujanja rahisi unaofaa kujulikana, hasa kwa gari lenye benchi upande mmoja na viti vya mbele upande mwingine. Kumbuka tu kwamba egemeo likienda kando, mzigo wa ukingo mrefu nao unaongezeka.

Kabla ya kununua kitu chochote, kata boksi gumu kwa ukubwa kamili wa meza. Lichome msumari mahali pa egemeo, msumari uingie kwenye kijiti, kisha mtu mmoja akishike kijiti mahali pa mkono na mwingine alizungushe boksi. Fanya hivyo viti vikiwa vimegeuzwa, mlango wa pembeni ukiwa umefunguliwa kisha umefungwa, na droo zikiwa zimevutwa nje. Breki ya mkono na kiwiko cha gia husahaulika sana. Magari mengine breki ya mkono ikiwa juu huzuia kiti kugeuka, kwa hiyo lazima ujue itakaa vipi meza ikiwa mahali pake.

Urefu

Kanuni ni fupi: kutoka juu ya mto hadi juu ya meza iwe sentimita 28 hadi 30, na pima mtu akiwa amekalia, kwa sababu mto hubonyea. Kiti cha sentimita 45 kinataka meza ya 73 hadi 75. Kati ya mto na sehemu ya chini kabisa ya mkono ziachwe sentimita 20 za mapaja. Tatizo ni kwamba kiti cha mbele kilichowekewa sahani ya kugeuza huwa juu kuliko benchi la nyuma, na meza inayomfaa wa mbele inamfika kifuani wa nyuma. Mkono wa kubana unalitatua hilo kwa kulegeza wenzo mmoja. Bawaba, mguu na reli zinakulazimisha uchague kiti kimoja, au uinue sakafu chini ya miguu ya mmoja wao.

Wanaotaka meza ishuke iwe sehemu ya kitanda wajue mambo mawili. Bomba la wima linahitaji nafasi tupu chini ya kibanio inayolingana na kiasi meza inachoshuka: ikishuka sentimita 28, bomba litahitaji sentimita 28 kabla ya kugusa sakafu. Na meza ikishashuka ni lazima ikalie papi zilizofungwa kwenye masanduku ya viti pande zote mbili. Uzito wa mtu aliyelala usiubebeshe mkono wala nguzo, hata usiku mmoja.

Kuyumba

Hata ukuta ukiwa imara, meza inaweza kucheza kwenye ungio. Chukulia kuna uwazi wa nusu milimita kati ya bomba la ndani na la nje. Bomba la nje likiwa na urefu wa sentimita 5, ncha ya meza iliyo sentimita 70 mbali inacheza milimita 7. Bomba hilo likiwa na sentimita 15, mchezo unashuka hadi milimita 2 na kidogo. Urefu wa ungio una maana kuliko unene wa chuma chake.

Kibanio cha mkono wa dukani kinaufuta uwazi huo kinapokazwa, na hii ndiyo sifa yake kubwa ya pili. Lakini kinaufuta kikiwa kimekazwa tu. Anayeuacha wenzo nusu ili meza izunguke kirahisi analipia kwa kuyumba. Bawaba haibanwi, kwa hiyo uwazi wake lazima upunguzwe tangu inatengenezwa. Mguu wa sakafuni nao unategemea ncha zake zilizochongoka kidogo kushikamana na kitako. Mchanga ukiingia humo, nguzo haikai chini kabisa na meza inatikisika. Ifute ncha kwa kitambaa kikavu kila unapoichomeka. Usiipake grisi, maana meza itazunguka yenyewe mkono ukiigusa. Ikikwama, izungushe kushoto na kulia huku ukivuta, badala ya kuipigapiga pembeni na kukiharibu kitako.

Uso wa meza

Hapa pana makosa ya uzito. Ubao wa sentimita 80 kwa 45 wenye unene wa milimita 15 una uzito wa takriban kilo 3.7 ukiwa plaiwudi ya mti wa birchi, kilo 2.4 hivi ukiwa ya popla, na kama kilo 4 ukiwa MDF, ubao wa nyuzi za mbao zilizoshindiliwa kwa gundi. Kwa meza ya mkono, kila kilo inayopungua ni faida kwa ukuta. Popla yenye fomaika pande zote mbili inatosha kabisa; upande mmoja pekee haufai, kwa sababu ubao utapinda mvuke wa kupikia ukiupata. Usipunguze unene chini ya milimita 15, kwa kuwa bamba la mkono linashika sehemu ndogo ya katikati na kingo zinabaki bila msaada.

Kona zizungushwe kwa nusu kipenyo cha sentimita 5 au zaidi. Ndani ya gari kona ya meza iko kwenye kimo cha nyonga, na watu hupita gizani.

Kufunga bamba kwenye ubao wa milimita 15 kwa skrubu fupi ndiko kunakowaangusha wengi. Gundisha kwanza kipande cha plaiwudi ya milimita 9 chini ya meza, kikizidi bamba kwa sentimita 5 kila upande. Unene wa pale unakuwa milimita 24, na skrubu za milimita 20 zinaingia bila kutokeza juu. Iliyo bora zaidi ni nati za kuzamisha, zinazokaa ndani ya mbao, za M6 (za bolti ya milimita 6). Toboa kwa biti ya kipimo kilichoandikwa na mtengenezaji wa nati, funga utepe kwenye biti ili isipite kina cha nati, weka gundi kidogo, zungusha nati mpaka ilingane na uso. Kwa njia hii unaweza kulifungua bamba mara nyingi bila kuchakaza matundu.

Kufunga mkono wa kubana kwenye kabati

Hii ndiyo kazi inayofanywa zaidi na inayoharibiwa zaidi, kwa hiyo tuieleze yote. Tuseme ubavu wa kabati ni plaiwudi ya milimita 15.

Andaa kipande cha plaiwudi ya milimita 18, upana sentimita 20 na urefu 30 au zaidi, cha kukaa nyuma ya ubavu, ndani ya kabati. Ikiwezekana kirefushe kifike sakafuni na kwenye ubao wa juu wa kabati, maana kikishikwa juu na chini ubavu hauwezi tena kupinda katikati. Kipake gundi ya mbao uso mzima na ukibane kwa klampu hadi gundi ikauke. Kisha shikilia kibanio mahali pake, hakikisha kwa pima maji kwamba bomba litasimama wima gari likiwa limeegeshwa sawasawa, na uweke alama. Pima maji inadanganya ikiwa gari lenyewe limeinama, kwa hiyo ianzishe sakafuni kwanza.

Toboa kutoka nje kwenda ndani, huku kipande cha mbao chakavu kimebanwa upande wa ndani ili plaiwudi isichanike biti inapotokeza. Sahani ya milimita 5, mbao za milimita 33, wosha na nati: bolti ya M6 yenye urefu wa milimita 50 inatosha na kubakiza milimita chache za nyuzi. Kama matundu ya sahani ni ya M8, fuata hayo. Upande wa ndani tumia wosha pana za kipenyo cha milimita 25 hadi 30, au bora zaidi kipande kimoja cha bati la milimita 3 kilichotobolewa matundu yote, na nati zenye pete ya nailoni. Wosha ndogo inazama ndani ya popla, bolti inalegea, na mtu anaikaza tena na tena mpaka inatokeza upande wa pili.

Kisha liangalie kabati lenyewe. Kilo 210 zilizopita kwenye ubavu zitataka kuling'oa kabati zima sakafuni. Lishikwe chini kwa vyuma vya pembe visivyopungua vinne, na juu lifungwe kwenye mbavu za bodi. Kabati lililosimama kwa skrubu mbili za sakafuni halifai kubeba meza ya mkono.

Ukitaka kufunga moja kwa moja kwenye bodi, tumia mbavu pekee. Bati la nje la gari huwa na unene wa milimita 1 au chini ya hapo, na haliwezi kubeba chochote. Ukilitoboa umefungulia maji njia. Kwenye ubavu wa chuma toboa tundu la milimita 9 kwa nati ya ribiti ya M6 ya kawaida, ile inayojibana yenyewe ndani ya tundu, weka kizuizi kwenye biti, na uchungulie kwanza kama hakuna nyaya nyuma. Kingo za tundu zisafishwe na kupakwa praima ya kuzuia kutu kabla ya kukaza ribiti. Nne ni idadi ya chini. Nguzo zenye mikanda ya usalama na zile zilizofichiwa mifuko ya hewa usiziguse.

Bawaba ya bomba

Kwa fundi mwenye mashine ya kuchomelea hii ni kazi ya nusu siku, na inafaa sana kwa gari ambalo kabati lake ni refu kutoka sakafuni hadi kimo cha meza. Bomba la ndani la kipenyo cha milimita 25 linaingia ndani ya bomba la milimita 30 lenye ukuta wa milimita 2, na uwazi unaobaki ni milimita 1. Vipande vya bomba kubwa vikiwa vimeachana kwa sentimita 40, uwazi huo unaifanya ncha ya meza icheze milimita 2 hivi, kiasi kinachovumilika. Ukizungushia bomba la ndani ukanda mwembamba wa plastiki ngumu mahali pa ungio, mchezo unapungua zaidi na chuma hakilii. Chini weka wosha mbili za nailoni, meza ikae juu yake.

Mkono uwe bomba la mraba la milimita 30 kwa 30, ukuta milimita 2, na kipande cha mshazari chini yake kikitoka kwenye bomba la wima. Mshazari usiwe mrefu kiasi cha kugusa magoti; theluthi moja ya urefu wa mkono inatosha. Tatizo la kawaida hutokea wakati wa kuchomelea: joto linalivuta bomba kubwa, linakuwa si duara tena, na la ndani linakwama. Chomelea nukta nukta kwa kubadilisha pande, acha lipoe, jaribu kulizungusha, ndipo umalizie.

Udhaifu wake hauonekani mpaka siku ya kwanza gari likiegeshwa kwenye mteremko. Bawaba isiyo na msuguano itajizungusha yenyewe kuelekea chini, na kila kilichoko mezani kitaondoka nayo. Toboa tundu la milimita 6 linalopita bomba zote mbili katika sehemu tatu: meza ikiwa imefunguka kabisa, nusu, na imefungwa. Pini iliyofungwa kwa mnyororo mfupi inaingia humo. Usipotoboa matundu haya kabla ya kupaka rangi, hutayatoboa kamwe.

Mguu na reli, kwa ufupi

Mguu wa sakafuni unafaa pale ambapo hakuna kabati karibu. Hoja ni sakafu. Sakafu ya plaiwudi ya milimita 12 juu ya tabaka laini la kuzuia joto haishiki skrubu za kitako: tabaka linabonyea, kitako kinacheza. Inabidi bolti zipite hadi chini ya gari na kushikwa na wosha pana au bamba, ukiwa umelala chini kwanza kuona tangi la mafuta, mabomba ya breki na nyaya zimepita wapi. Kitako cha juu ya sakafu hugonga vidole vya miguu. Kile cha kuzamishwa hakigongi, ila kinataka tundu kubwa na kinakusanya uchafu. Na nguzo ikishatolewa, lazima ipate mahali pa kulala.

Reli inataka ukuta ulionyooka. Kwa reli ya sentimita 80 weka bolti sita, kila baada ya sentimita 15. Mguu wa kukunja uwe na kitako cha kurefusha kwa sentimita 2 au 3, kwa kuwa sakafu za magari hazinyooki. Meza hii ndiyo pekee tunayoweza kuiruhusu ifanyiwe kazi ya kukata nyama kwa kisu kizito, kusaga, au kuwekewa cherehani.

Gari likitembea

Mgongano wa ajali unaofikia mara 20 ya mvuto wa dunia unaifanya meza ya kilo 5 isukume kwa nguvu ya kilo 100. Wenzo wa mkono haujatengenezwa kuishika nguvu hiyo, na mtikisiko wa kawaida wa barabara unatosha kuulegeza. Kwa hiyo meza ya mkono wa kubana itolewe kabla ya safari na kufungwa kwa mkanda, ikiwa imelala bapa chini ya kitanda au imesimama kwenye mfereji wake nyuma ya kabati. Bawaba inaweza kubaki mahali pake ikiwa imefungwa kwa pini na mkanda wa pili, mradi isielekee kiti chenye abiria. Mkono wenyewe usibaki mbele ya mfuko wa hewa wala karibu na kichwa cha mtu.

Meza ikiwa imefunguliwa, mtu aliye ndani kabisa aweze kuisukuma kando kwa mkono mmoja gizani na kufika mlangoni. Vali ya gesi na kizimamoto visikae nyuma yake.

Uchague ipi

Kama viti vya mbele vinageuka, unakaa sehemu mbili tofauti na kabati lako linaweza kuimarishwa, nunua mkono wa kubana, na fedha ya ziada iende kwenye plaiwudi ya nyuma, usiipeleke kwenye mkono wa bei ya juu zaidi. Meza isizidi sentimita 80 kwa 45.

Kama unakaa kiti kimoja siku zote, una ukuta mrefu na fundi unayemwamini, bawaba ya bomba itadumu kuliko gari. Anayefanya kazi ya kompyuta saa nyingi atapendelea hii, kwa sababu haitikisiki mtu akichapa, hasa ikiongezewa mguu mwembamba wa kukunja kwenye ncha.

Kama makabati ni ya chipubodi na hutaki kuyabomoa, achana na mkono na bawaba kabisa; weka mguu wa sakafuni, baada ya kuhakikisha chini ya gari pana nafasi ya bolti. Na familia ya watu wanne wanaokula pamoja, wenye watoto wanaopanda kwenye meza, wanahitaji reli yenye mguu. Hakuna mkono wa upande mmoja utakaomvumilia mtoto aliyekaa ukingoni.

Kwa aina yoyote utakayochagua, rudi na spana baada ya safari ya kwanza ndefu. Mbao hugandamizwa na wosha katika siku za mwanzo, na nati nyingi zitakubali robo au nusu mzunguko. Zikiendelea kukubali safari ya tatu na ya nne, acha kuzikaza. Toa sahani na uangalie ubao wa nyuma.